PATH Ikifutika, Usizime Kompyuta

Umefuata maelekezo ya kusakinisha Java, ukaandika setx /M PATH na anwani ya folda moja tu, ukabonyeza Enter. Dirisha jipya la amri halitambui chochote: git haipo, python haipo, hata ping haipo. Hapo mkono huwashwa kuizima kompyuta na kuiwasha tena. Uzuie. Usifunge hata dirisha moja.

PATH ni kigeu cha mazingira chenye orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu unayoiita kwa jina tupu. Programu zako zote bado zipo. Iliyopotea ni orodha. Na kila programu inapoanza hupewa nakala yake ya orodha hiyo, hukaa nayo mpaka ifungwe. Kwa hiyo chochote kilichofunguliwa kabla ya ajali bado kina orodha ya zamani.

Nenda kwenye dirisha la amri lililokuwa wazi tangu awali, andika echo %PATH% (kwenye PowerShell, $env:Path), nakili jibu lote ulihifadhi kwenye faili. Huna dirisha la namna hiyo? Kama unayo Process Explorer ya Sysinternals, bofya kulia programu yoyote iliyoanza mapema, ingia Properties, kisha Environment. Ila explorer.exe usiitegemee, kwa sababu yenyewe husikia tangazo la mabadiliko na kuchukua orodha mpya.

Sasa kurudisha. Bonyeza Windows na R, andika anwani kamili, C:\Windows\System32\SystemPropertiesAdvanced.exe, kwa kuwa majina mafupi huenda hayafanyi kazi. Bofya Environment Variables. Utakuta PATH mbili, ya mtumiaji na ya mfumo, ilhali ulichonakili ni zote mbili zimeunganishwa, ya mfumo ikitangulia. Zitenganishe: kwa kawaida folda zinazoanza na C:\Users na jina lako ni za mtumiaji, zilizobaki ni za mfumo.

Mchanganyiko huohuo ndio unaofanya setx PATH "%PATH%;..." iwe amri mbaya, ingawa imejaa kwenye maelekezo ya kila namna. Inazimwaga orodha zote mbili ndani ya moja, halafu inakata kila kinachozidi herufi 1024. Usipoweka /M, PATH ya mfumo husalimika na inayoharibika ni ya mtumiaji tu.

Ikiwa kompyuta imeshazimwa na huna nakala, anza na msingi. Kwenye PATH ya mfumo weka %SystemRoot%\system32, %SystemRoot%, %SystemRoot%\System32\Wbem na %SystemRoot%\System32\WindowsPowerShell\v1.0\. Ya mtumiaji ipe %USERPROFILE%\AppData\Local\Microsoft\WindowsApps. Kisha fungua dirisha jipya, utafute zilizobaki moja moja: where /r "C:\Program Files" java.exe itakuonyesha folda ya kuongeza. System Restore nayo hurudisha, kama ilikuwa imewashwa, lakini huondoa pia programu ulizosakinisha baada ya tarehe hiyo. Mimi huiacha iwe ya mwisho.

Kwenye Linux mambo ni mepesi. Export uliyoiandika kwenye terminali huishia humohumo, fungua nyingine. Kama umeharibu .bashrc, andika export PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin ili amri zirudi, kisha rekebisha faili. Mazingira ambayo programu ilianza nayo yamo kwenye /proc, katika folda yenye namba ya programu hiyo, faili la environ.

Mambo yakikaa sawa, toa nakala ya rejista: reg export "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Environment" mfumo.reg, na reg export HKCU\Environment mtumiaji.reg. Siku nyingine ukitaka kuongeza folda, kwenye dirisha lile la Environment Variables chagua Path, bofya Edit, kisha New.