Muhuri wa kijiji si mkutano wa kijiji

Mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Muleba, ameniandikia kutoka kata ya Nyakakika, wilayani Karagwe. Kiinua mgongo chake kilinunua ekari nane za rweya, yaani nyika, akazizungushia seng'enge na kupanda miti. Tangu hapo, anasema, hajapata usingizi. Ng'ombe wanapita juu ya miche. Kiangazi majani yanachomwa na moto unamfikia mpakani. Vijana wakitoka kunywa rubisi wanapiga kelele hadi saa nane za usiku. Siku moja aliamka akakuta seng'enge imekatwa sehemu tatu. Akaenda polisi, vijana wawili wakakamatwa, na kuanzia siku hiyo hakuna jirani anayemsalimia. "Wananiita mgeni," anaandika, "na wengine wananitishia Uhamiaji. Mimi ni Mtanzania, na karatasi ya mauziano ninayo, ina muhuri wa kijiji. Haki yangu iko wapi?"

Mwalimu, nakujibu hadharani kwa sababu barua kama yako ninazipata pia kutoka upande wa pili wa seng'enge. Wenyeji wananiuliza: njia ya ng'ombe kwenda majini, waliyoipita babu zetu, imefungwa na mtu aliyetoka mjini. Tufanye nini? Shauri ni hilohilo, na nyote wawili mnamtazama mtu asiyehusika.

Mambo madogo niyamalize kwanza. Ng'ombe kulia alfajiri, harufu ya zizi, jogoo, vumbi la mifugo: hayo ndiyo maisha ya shamba, na hakuna mahakama itakayokupa amri ya kuyazuia. Hata Ufaransa wamelipitia hilo. Mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ilikataa madai ya watu wenye nyumba ya mapumziko kisiwani Oléron waliomshtaki mwenye jogoo aitwaye Maurice kwa sababu anawika mapema, na Januari 2021 nchi hiyo ikatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za vijijini. Moto ni jambo jingine. Anayechoma majani yake na kuuacha moto uingie kwenye shamba la mwenzake anawajibika kwa hasara, rweya iwe imechomwa tangu enzi za mfalme Rumanyika au tangu jana. Kelele za saa nane za usiku zinamhusu mtendaji wa kata na leseni ya kilabu.

Turudi kwenye ekari nane, maana ndizo zenye mgogoro.

Karagwe na Kyerwa kila mtu anajua tofauti ya kibanja na rweya. Kibanja kina mwenyewe: migomba, kahawa, makaburi ya wazee. Rweya ni ya malisho, ya majani ya kuezekea na kutandaza shambani, ya njia. Mgeni akiitazama anaona nyika tupu isiyo na mtu, na hapo ndipo anaponaswa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, haiioni tupu. Inasema ardhi ambayo wanakijiji walikuwa wakiitumia kwa pamoja kabla ya sheria hiyo, kwa mila au kwa mazoea tu, inahesabiwa kuwa ardhi ya jumuiya ya kijiji. Haihitaji bango, haihitaji jiwe la mpaka, haihitaji kuwa imeandikwa kwenye daftari lolote. Matumizi yenyewe yanatosha. Na ardhi ya jumuiya haigawiwi mtu binafsi kwa uamuzi wa viongozi.

Hata ile ardhi ya kijiji ambayo kweli ipo kwa ajili ya kugawiwa, halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kuigawa kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Si mwenyekiti na mtendaji waliokaa kwenye kibaraza cha ofisi, wala si wajumbe watano walioitwa kuwa mashahidi. Na kama ni mwanakijiji anayeuza shamba lake kwa mtu asiye mkazi, basi idhini ya halmashauri ya kijiji lazima itangulie. Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo: mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili.

Kwa hiyo, Mwalimu, karatasi yako yenye muhuri inathibitisha jambo moja tu: kwamba aliyekuwa na muhuri aliupiga. Nenda ofisi ya kijiji uombe nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia wewe kupewa eneo hilo, pamoja na orodha ya mahudhurio. Ikipatikana, isome kwa makini. Nimewahi kuwekewa mezani orodha ya mahudhurio yenye majina zaidi ya 100, yote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, saini zote zikilala upande mmoja. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni aliponisikia nikisoma jina la tatu, akasema, "Huyo tulimzika mwaka mmoja kabla ya huo mkutano." Mnunuzi alikuwa ameuweka muhtasari huo ndani ya bahasha ya plastiki kama cheti cha ndoa.

Nina hasira na jambo hili na sitaificha. Viongozi wanaouza rweya wanajua wanachokifanya. Wanamchagua mnunuzi wa mbali kwa sababu hajui njia ya ng'ombe inapita wapi. Wanamwonyesha eneo mchana, mifugo ikiwa upande mwingine. Wanamtoza "asilimia kumi", ambayo hakuna sheria ya nchi inayompa mwenyekiti wala mtendaji, na hawaandiki stakabadhi. Kama kijiji kina ushuru halali, umepitishwa na mkutano mkuu kwa sheria ndogo, ukaridhiwa na halmashauri ya wilaya, na unalipwa kwa stakabadhi ya serikali. Fedha nyingine yoyote inayodaiwa ili karatasi yako isainiwe ni rushwa, na TAKUKURU, wanaopambana na rushwa, wanapaswa kuambiwa nani aliipokea na lini. Fedha zikishaliwa, wauzaji wanakaa pembeni na kuwaacha mwalimu mstaafu na wachunga ng'ombe wachukiane.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ulileta viongozi wapya vijiji vingi, na sasa jibu la ofisini ni "sisi hatukuwepo". Msilikubali jibu hilo. Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye nafsi ya kisheria. Watu wanabadilika, chombo kinabaki na madeni yake na makabrasha yake.

Sasa kuhusu neno "mgeni", na hapa nasema na wenyeji. Katiba, ibara ya 17, inampa kila raia wa Tanzania haki ya kwenda na kuishi popote ndani ya nchi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu mtu asiye mkazi kuomba ardhi kijijini na kutaka ombi lake lipimwe kwa haki kama la wengine. Mtu wa Muleba, Ngara au Mwanza si mvamizi kwa sababu tu babu yake hakuzikwa hapo. Ni kweli kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji iliyowekwa kisheria. Lakini anayeamua nani ni raia na nani si raia ni mamlaka ya Uhamiaji kwa ushahidi, si mwenyekiti wa kitongoji kwa hasira. Watu wa Kagera hatuna udhuru wa kulichezea hili. Tuliiona Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu mwaka 2013. Miongoni mwa walioondolewa wamo waliokuwa wameishi hapa kwa miongo, wameoa na kuolewa hapa, na mashamba yao yakabaki na watu. Anayemtishia jirani Uhamiaji ili apate shamba lake anatumia silaha ambayo kesho itaelekezwa kwa mkwe wake.

Kuna kundi jingine la wahamiaji ambalo halikununua kitu: waliokaribishwa. Mzee mwenyeji wa Kinyambo alimwambia mtu wa kutoka mbali, "Lima hapo", miaka 30 iliyopita, na sasa wajukuu wanataka eneo lao. Wengi wananiandikia kwamba wana miaka zaidi ya 12, kwa hiyo wanalindwa na ukomo. Hapana. Mahakama zetu zimeshika msimamo mmoja kwa muda mrefu: aliyekaribishwa hawezi kumnyang'anya aliyemkaribisha kwa sababu ya kukaa sana. Kama mzee alikupa kabisa, tafuta mashahidi waliokuwepo na uandikishe wakiwa bado hai.

Sasa muende wapi? Hatua ya kwanza mnaijua, Baraza la Kata. Ambacho wengi bado hawakijui ni kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Linasuluhisha tu. Likishindwa, linatoa cheti kwamba limeshindwa, nawe unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Kayanga. Zikipita siku 30 bila suluhu, unaweza kwenda bila cheti. Atakayekuambia lipa kwanza ndipo cheti kiandikwe, mhesabie siku 30 kisha ondoka.

Lakini angalieni kinachotokea Kayanga. Mwalimu akimshtaki mchunga ng'ombe, shauri linapokelewa. Mchunga ng'ombe akimshtaki Mwalimu, linapokelewa. Yeyote kati yao akitaka kuishtaki halmashauri ya kijiji iliyouza, mlango unafungwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, serikali za mitaa, halmashauri za vijiji zikiwemo, zinalindwa kama Serikali Kuu: unatoa notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na unafungua shauri Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Nyakakika hiyo ni Bukoba. Ukiiunganisha halmashauri ya kijiji kwenye shauri la Kayanga bila kufuata hayo, shauri zima linatupwa nje na unaanza upya, nauli na muda vikiwa vimekwenda.

Naiita hii sheria mbaya. Inawezekana ilifaa kwa madai ya mabilioni dhidi ya wizara. Kumtaka mwanakijiji amwite Mwanasheria Mkuu wa Serikali ili aulize kwa nini njia yake ya maji imeuzwa ni kumwambia asiulize. Matokeo yake tunayaona: walio chini wanashitakiana wao kwa wao kwa sababu ndiyo mashauri pekee wanayoyamudu. Na haya yanatokea katika mkoa ambao Bunge lilitunga sheria mwaka 1965 kuukomboa na nyarubanja, umiliki ambao mtu mmoja alikuwa na mamlaka juu ya ardhi wanayoilima wengine. Bunge lingeweza kuziondoa halmashauri za vijiji kwenye kinga hiyo kwa kifungu kimoja kifupi, na wabunge wa Karagwe na Kyerwa ndio wa kwanza kupaswa kukipeleka.

Mpaka hapo, Mwalimu, fanya hivi. Fungua sehemu ya seng'enge iliyoziba njia ya mifugo. Hiyo si kukiri kosa, na itakupunguzia madai. Kama eneo linagusa mto, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi yake, ndani ya mita 60, hata ungekuwa na hati. Omba agenda ya ekari zako iingie kwenye mkutano mkuu ujao, ambao kisheria unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda mwenyewe, usimtume mlinzi. Kama unaishi hapo kweli, wewe ni mjumbe wa mkutano huo na una kura kama wao. Wanakijiji wakikubali kukupa sehemu isiyo ya njia wala malisho, ndipo utakuwa na kitu cha kutetea. Wakikataa, fedha zako zidai kwa waliozipokea. Sheria ya Mikataba inamtaka aliyefaidika na mkataba uliobatilika arudishe alichopokea, na kiongozi aliyepokea fedha bila stakabadhi ya kijiji mdai yeye binafsi. Atasema alizipokea kwa niaba ya kijiji. Mwambie hakimu amwombe stakabadhi.

Kuhusu vijana wawili: nakushauri uongee na wazazi wao wiki hii. Kukata seng'enge ya mtu ni kosa, na wenyeji wanaodhani wana haki ya kubomoa kwa mikono yao wanajidanganya. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mahakama Kuu imekuwa ikisema kesi ya kuingia kwa jinai haisimami wakati umiliki wa ardhi yenyewe bado unabishaniwa. Kama wameshtakiwa kwa hilo, kesi itavuta miezi, huenda ikaanguka, na ikianguka utakuwa umebaki na uadui na ardhi isiyo na muhtasari. Kwa wazazi: dhamana ya polisi ni bure. Atakayewataka mlipe chochote ili vijana watoke, andikeni jina lake na saa aliyowaambia, mkalipeleke kwa mkuu wa kituo na TAKUKURU siku hiyohiyo.