Mpangaji Naye Ana Neno: Somo la Kibera na Kawangware

Tumeletewa suala na kijana wetu mmoja aliyetoka pwani kwenda kutafuta riziki Nairobi, naye amepanga chumba Kawangware. Asema: "Kiwanja kilicho ubavuni mwa chumba changu kimetiwa kibao kwamba mwenyewe ataka kuvunja vyumba vya mabati na kujenga ghorofa. Mimi sina ardhi wala nyumba. Jee, nina haki ya kusema neno, au ni kujitia katika mambo ya watu?"

Jawabu kwa ufupi: ana haki, na akinyamaza ameiacha haki yake kwa hiari yake. Lakini jawabu fupi halimtoshi mwenye kutaka kufahamu, basi na tulieleze kwa mpango.

Kwanza, yafaa tujue mpango wa mji ni nini. Kila sehemu ya mji huwekewa kipimo chake: nyumba ziwe ghorofa ngapi, jengo lichukue kiasi gani cha kiwanja, na wakae humo watu wangapi. Wakati wa ukoloni vipimo hivi vilikwenda sambamba na rangi za watu, kila taifa na mtaa wake. Ubaguzi huo wa kisheria umekwisha, lakini athari yake bado yaonekana kwa macho. Atokaye Lavington kwa miguu kuingia Kawangware hutoka penye bustani na nafasi, akaingia penye vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, na wala hakwenda mbali. Kipimo hiki si jambo la makaratasi. Ndicho kiamuacho kama dirisha lako litapata jua, kama maji machafu yatapata pa kupita, na kama njia yatosha kupitisha jeneza au gari la kuzima moto.

Pili, watu huzitaja Kibera na Kawangware kwa pumzi moja, na hali mambo yake ni mbali mbali. Ardhi ya Kibera kwa sehemu kubwa ni ya serikali. Walioanza kukaa hapo ni askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi walidai hati kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2017 jamii yao ilipopewa hati ya ekari 288. Wengine waliojenga humo wana mabanda bila ya ardhi, na walio wengi ni wapangaji. Kawangware nayo, iliyo upande wa Dagoretti, viwanja vyake vingi ni vya watu binafsi wenye hati zao. Kwa hiyo mabadiliko ya Kibera huja kwa jumla, kwa amri na mradi wa serikali. Ya Kawangware huja kiwanja kwa kiwanja, kwa ruhusa ya mtu mmoja mmoja, hata siku moja mtaa mzima umegeuka wala hapana aliyeulizwa.

Tatu, tutazame yaliyopita, kwani aliyetangulia ni funzo kwa ajaye nyuma. Mwaka 2009 wakaazi wa sehemu ya Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa nyumba za ghorofa karibu na Langata ili mabanda yao yavunjwe na kujengwa upya. Zilikuwa nyumba 600 za vyumba vitatu, na jamaa mbalimbali wakashirikiana nyumba moja. Nyumba mpya 822 za Soweto zilikabidhiwa mwaka 2016. Hesabu basi: miaka saba ya kungoja. Hatusemi mradi ule haukuwa na kheri, maana waliopata wamepata maji na choo ndani ya nyumba. Twasema mwenye kungoja miaka saba alistahili kujua mapema nani atarudi, kwa bei gani, na kwa karatasi gani.

Kisha ikaja Julai 2018. Ilitakiwa barabara ya kuunga Ngong Road na Langata. Taasisi za serikali zilikwisha kubaliana kwamba wakaazi wahesabiwe kwanza na upangwe mpango wa kuwahamisha, na kuhesabu kukaanza. Siku chache baadaye matingatinga yakaingia, na maelfu ya watu wakabaki bila ya paa, na skuli zikavunjwa pamoja na nyumba. Hapa ndipo lilipo shina la somo letu: kushauriwa ni kabla ya neno kukatwa. Anayeitwa kushauriwa na hali tingatinga limekwisha washwa, huyo hakushauriwa. Amepashwa khabari tu.

Nne, tusidhani kwamba jambo hili haliwezekani. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu. Humo mna kaya zaidi ya 100,000. Watu walipangwa kumi kumi za nyumba, kila kumi wakatoa msemaji, na wasemaji wakakutana kwa mitaa, kisha kwa vijiji, pamoja na wataalamu wa maji, afya, sheria na nyumba. Mpangaji akahesabiwa sawa na mwenye banda. Waliposhauriana juu ya njia, ilionekana kwamba upana wa kawaida ungebomoa nyumba nyingi mno, basi vipimo vikatazamwa upya ili wahamishwe watu wachache. Mkaazi ajua jambo asilolijua mwenye ramani.

Atasema msemaji: "Kiwanja ni mali yangu, nimekinunua kwa jasho langu, vipi mpangaji wa jirani aniamulie?" Tutamjibu: mali ni yako, lakini ukuta wako huzuia upepo wa mwenzio, na maji yako machafu humwagika katika mfereji wa wote. Na jengo likijengwa vibaya halimwangukii mwenyewe. Huwaangukia wapangaji, kama ilivyokuwa Huruma mwezi wa Aprili 2016, walipokufa watu zaidi ya arubaini chini ya ghorofa moja. Wanavyuoni wetu wameandika milango mizima juu ya haki za jirani. Na imepokewa katika tarikhi kwamba Sayyidna Umar alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume, nyumba ya Abbas ilikuwa njiani, na Abbas akakataa kuitoa. Khalifa hakuivunja kwa nguvu. Walikwenda kwa Ubayy bin Kaab awahukumu, naye akampa haki Abbas. Na Abbas alipokwisha pata haki yake, akaitoa nyumba kwa hiari. Ikiwa msikiti haukupanuliwa ila baada ya mwenye nyumba kusikilizwa, itakuwaje barabara na ghorofa za kukodisha?

Lakini twamwonya kijana wetu kwa upande wa pili. Asipinge ghorofa kwa kuwa ni ghorofa. Watu ni wengi na ardhi haizai. Lazima wengine wakae juu ya wengine. Anayepinga kwa sababu hataki maskini wenzake wamkaribie, huyo hana hoja bali ana choyo. Hoja ni hizi: jee, bomba la maji machafu latosha? Pana nafasi ya mwanga baina ya kuta? Pana njia? Wanaotolewa wamepewa muda wa kutosha?

Tano, afanye nini? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeuweka ushiriki wa wananchi katika misingi ya utawala, na makaazi yanayofaa katika haki za kila mtu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kanuni za tumbaku, ilieleza kwamba ushiriki huo uwe wa kweli, usiwe wa kujionyesha. Na matangazo ya kubadilisha matumizi ya kiwanja huwaita watu na taasisi watoe maoni au pingamizi kwa muda wa siku 14. Hayawaiti wenye hati peke yao. Basi asome kile kibao, aandike nambari ya kiwanja na tarehe, akae na wapangaji wenzake, waandike barua moja yenye majina yao, waipeleke katika afisi ya mipango ya kaunti na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Siku 14 ni chache. Mwenye kungoja mwisho wa mwezi amechelewa.

Na nyinyi mliopo Mombasa, Malindi na Lamu, msiseme haya ni mambo ya Nairobi. Wangapi miongoni mwetu wana nyumba bila ya ardhi, ukuta wao na kiwanja cha mwengine? Sheria ni hiyo hiyo, na kibao kama kile cha Kawangware chaweza kusimamishwa kesho mlangoni pako. Jee, utakisoma, au utangoja usomewe?