Wanawake Wawili na Njia Mbili za Uhuru

Katika nchi ya Marekani, karne ya 19, waliishi wanawake wawili Weusi ambao majina yao yangali yakitajwa kwa heshima: Sojourner Truth na Harriet Tubman. Wote wawili walizaliwa utumwani, na hakuna hata mmoja aliyejua kusoma wala kuandika. Lakini kila mmoja alishika njia yake.

Sojourner Truth alizaliwa karibu na mwaka wa 1797 katika jimbo la New York, akaitwa Isabella. Mabwana wake wa kwanza walikuwa Waholanzi, na lugha ya utoto wake ikawa Kiholanzi. Alipokuwa na umri wa miaka 9 hivi aliuzwa mnadani pamoja na kondoo kwa dola 100, na bwana wake mpya akawa akimpiga kwa kuwa hakufahamu amri za Kiingereza. Mwaka wa 1826 aliondoka alfajiri, amembeba binti yake mchanga. Mwaka uliofuata sheria ya jimbo hilo iliwapa watumwa uhuru. Hata hivyo mwanawe mdogo, Peter, alikuwa amekwisha kuuzwa hadi Alabama kinyume cha sheria. Mama huyo aliingia mahakamani, na mwaka wa 1828 akarudishiwa mtoto wake, mwili umejaa makovu ya mijeledi. Mwaka wa 1843 alijipa jina jipya, ambalo maana yake ni Mpita Njia na Kweli, akasafiri akihubiri dhidi ya utumwa na kudai haki za wanawake.

Harriet Tubman alizaliwa karibu na mwaka wa 1822 katika jimbo la Maryland. Alipokuwa msichana, msimamizi alimrushia mtumwa mwingine jiwe la mizani, likampiga yeye kichwani. Tangu siku hiyo alikuwa akishikwa na usingizi wa ghafula. Mwaka wa 1849 alitorokea Pennsylvania. Uhuru wa peke yake haukumtosha. Alirudi mara 13 hivi, akawatoa watu wapatao 70, mara nyingi wakati wa baridi, usiku unapokuwa mrefu. Walipendelea kuondoka Jumamosi, kwa kuwa matangazo ya watoro hayakuweza kutoka magazetini kabla ya Jumatatu. Mwezi wa Juni 1863, wakati wa vita, aliwaongoza askari katika mto Combahee, na watumwa zaidi ya 700 wakafunguliwa.

Tofauti yao yatokana na sheria. Kwa Truth, sheria ya New York ilikuwa imebadilika, naye akaitumia. Kwa Tubman, sheria ilikuwa upande wa bwana. Hakuwa na mahakama ya kumsikiliza, bali usiku na miguu yake. Wala hakuwaokoa wote: mwaka wa 1860 alipomwendea dada yake Rachel, alimkuta amekwisha kufa.

Utumwa ulikomeshwa mwaka wa 1865. Truth alifariki mwaka wa 1883, na Tubman mwaka wa 1913. Wote walidai wanawake wapige kura, lakini haki hiyo iliingizwa katika katiba mwaka wa 1920, nao hawakuiona.

Wahenga walisema, Penye nia pana njia. Nia ya wanawake hawa ilikuwa moja. Njia zikawa mbili, kila mmoja akipita katika mlango alioukuta wazi.