Mnada wa Sadaka na Saa Yake ya Kufungwa

Baadhi ya wale walioingia karibuni katika Jumuiya, na wengine ambao bado wanaichungua dini, wametuuliza kama yafaa Waislamu kukusanya fedha za sadaka kwa kunadi vitu katika mtandao. Shaka yao ina msingi. Wamesikia kwamba Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) amekataza mtu kununua juu ya ununuzi wa nduguye, na mnada, wasema, ni nini kama si watu kupandishiana bei?

Jibu lapatikana katika kitendo chake yeye mwenyewe. Hadhrat Anas bin Malik (r.a.) amesimulia, na habari hiyo imo katika Hadithi za Abu Daud, kwamba mtu mmoja wa Ansari alikuja kuomba. Mtume (s.a.w.) akamwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akajibu kwamba mna nguo nzito, ambayo sehemu yake huivaa na sehemu huitandika, na chombo cha kunywea maji. Akaamriwa avilete. Mtume (s.a.w.) akavishika mkononi, akawauliza waliohudhuria ni nani atakayevinunua. Mmoja akataja dirham moja. Akauliza mara mbili au tatu ni nani atakayezidisha, ndipo mwingine akatoa dirham mbili, akapewa. Fedha hizo akakabidhiwa yule maskini: kwa dirham moja awanunulie watu wake chakula, na kwa ya pili anunue shoka. Mtume (s.a.w.) akalitia shoka mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akate kuni na kuuza, wala asionekane kwa siku 15. Aliporudi alikuwa amekwisha chuma dirham 10.

Basi lile katazo lahusu bei iliyokwisha kubaliwa baina ya wawili, kisha wa tatu akaja kuiharibu. Katika mnada hakuna aliyekwisha kukubaliwa mpaka mnadi afunge.

Tazama sasa jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: aliuliza mara mbili au tatu kabla ya kuuza. Kila aliyekuwapo alisikia kwa masikio yake kwamba nafasi inakaribia kwisha, na mwenye kutaka kuzidisha aliweza kuzidisha. Katika mtandao hakuna sauti hiyo. Aliyeko Tabora, aliyeko Mombasa na aliyeko Muscat hawaonani wala hawasikilizani. Saa iliyotangazwa ndiyo inayoshika mahali pa sauti ya mnadi, na kwa hiyo ni mapatano. Kurani Tukufu, katika Sura ya 2, aya ya 283, yaamuru kwamba deni la muda maalumu liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Na Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina akawakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja, miwili hata mitatu kabla ya kuzipokea, hakuwazuia, aliwataka tu kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane.

Niruhusu nikueleze kosa langu mwenyewe. Tulifanya mnada kwa njia ya simu ili kupata fedha za kuchimba kisima, tukatangaza kwamba utafungwa saa 3 usiku. Miongoni mwa vitu palikuwa na cherehani. Mama mmoja mshonaji, aliyekuwa akihudhuria masomo yetu bila ya kuwa bado amefanya Baiati, alikuwa mbele kwa shilingi 90,000. Dakika chache baada ya saa 3 mfanyabiashara mmoja akanipigia kwamba alikuwa safarini, naye yuko tayari kutoa 150,000. Nikajiambia kwamba kisima ni cha wenye kiu, na kwamba mimi sipati hata senti. Nikaongeza nusu saa.

Yule mama hakugomba. Siku ya pili aliniuliza: “Sheikh, kama saa yenu yasogezwa kwa ajili ya mwenye fedha, nitajuaje kwamba haya mengine mnayonifundisha hayasogezwi?” Tulimrudishia mfanyabiashara fedha zake, na mama akapewa cherehani kwa bei aliyoitaja. Shilingi 60,000 zilizopungua tulizichanga wenyewe. Alishukuru, lakini darasani hakurudi.

Wewe uliyesoma masharti kumi ya Baiati wajua kwamba sharti la pili lamtaka mwenye kubaiati ajiepushe na uongo na hiyana. Wema wa kisima haukuwa ruhusa ya kumnyima yule mama haki yake.

Hata kuitaja saa kwahitaji uangalifu. Kwetu saa 3 usiku ni 21:00 kwa saa za Afrika Mashariki, lakini kwa ndugu aliyeko Uingereza wakati huo ni 18:00 katika majira ya baridi na 19:00 katika majira ya joto. Tena kwa desturi ya pwani usiku hutangulia mchana wake, hivi kwamba “usiku wa Ijumaa” kwa mmoja ni Alhamisi jioni, na kwa mwingine ni siku inayofuata. Andika tarehe, andika saa kwa hesabu zote mbili, na useme kwamba itakayofuatwa ni saa ya kufika ujumbe kwa mwandishi, maana mtandao dhaifu hukawiza ujumbe.

Wapo wanaovizia sekunde ya mwisho. Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika uchunguzi wao uliochapishwa 2002, waliilinganisha minada ya eBay, iliyofungwa kwa saa isiyobadilika, na ile iliyokuwa ikiendeshwa wakati huo na Amazon, ambayo bei mpya ikitajwa mwishoni muda uliongezwa dakika 10. Kuvizia kulikuwa kwingi zaidi katika ile ya kwanza. Njia zote mbili zafaa. Nyongeza iliyotangazwa tangu mwanzo na iliyo ya wote si sawa na ile niliyoitoa mimi kwa ajili ya mtu mmoja.

Lililo haramu waziwazi ni najash, yaani kupandisha bei bila ya nia ya kununua ili mwingine alipe zaidi. Katazo lake limo katika Bukhari na Muslim, na halikuacha nafasi kwa jamaa za waandaaji “wanaochangamsha” mnada wa sadaka. Jihadhari pia na minada ambamo kila anayetaja bei hutozwa ada, ashinde asishinde. Hiyo yakaribia kamari.

Na aliyeshinda akishindwa kulipa? Taja mapema siku ya mwisho ya malipo. Ikipita, mwulize wa pili kama angali akitaka kitu hicho kwa bei aliyoitaja yeye mwenyewe. Usimlazimishe, kwani alipozidiwa alikuwa amekwisha kufunguliwa, na huenda fedha zile amezitumia nyumbani kwake.