Kukumbuka na Kusahau

Watu wengi hudhani ya kwamba kumbukumbu ya mtu ni kama sanduku moja: kila alionalo na alisikialo hutiwa humo, na anapozeeka sanduku hutoboka, yakamwagika yaliyomo. Dhana hii si sahihi, na madhara yake hayaishi vitabuni. Kwa sababu yake wazee wengi hukemewa majumbani kwa ukaidi wasiokuwa nao. Mzee huulizwa khabari za utoto wake, akazieleza kwa majina ya watu na mitaa; kisha akauliza mara ya nne, "Jee, tumekwisha kula?" Aliye karibu naye hukasirika akasema, "Ya miaka sitini wayakumbuka, ya saa hii huyakumbuki vipi? Wajifanya tu!" Basi yafaa tueleze vipi mambo haya mawili hukutana katika kichwa kimoja.

Ndani ya ubongo, kwa upande wa masikio, kulia na kushoto, mna sehemu ndogo iliyopindika iitwayo hipokampasi. Aliyeipa jina hili ni Aranzi, tabibu wa Italia wa karne ya 16, aliyeona umbo lake lafanana na farasi wa baharini, na hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe kwa Kiyunani. Kwa muda mrefu kazi yake haikujulikana. Hata wako waliodhani ni ya kunusia. Kilichoidhihirisha ni msiba wa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Henry Molaison, Mmarekani aliyeteswa na kifafa tangu ujana wake hata akashindwa kufanya kazi. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimpasua kichwa katika mji wa Hartford, akaziondoa sehemu kubwa za hipokampasi zote mbili pamoja na nyama iliyo kandokando yake. Kifafa kikapungua sana. Lakini tangu siku ile Molaison hakuweza kuweka moyoni jambo jipya lililompata. Alizungumza vizuri, akili yake haikupungua, na utoto wake aliukumbuka. Ama aliyezungumza naye akitoka chumbani kidogo na kurudi, humwona kama mgeni. Brenda Milner, mtaalamu wa Montreal aliyemchunguza kwa miaka mingi, ilimlazimu kujijulisha kwake upya kila mara. Katika mwaka 1957 Milner na Scoville waliandika khabari zake, na madaktari wakatahadharishwa wasirudie kukata pande zote mbili. Molaison akaishi hali hiyo miaka 55, mpaka alipofariki mwaka 2008.

Msomaji na azingatie majaribio mawili aliyofanyiwa. Aliambiwa aikumbuke namba 584. Akaishika kwa dakika 15, akiigeuza-geuza moyoni bila ya kupumzika. Aliposhughulishwa na jambo jingine, hakusahau namba peke yake, bali alisahau kuwa aliambiwa aikumbuke. La pili, alifundishwa kuchora nyota huku akiutazama mkono wake katika kioo, kazi iliyo ngumu kwa kila mtu. Kwa siku tatu mkono wake ulizidi kuwa hodari, na kila siku aliapa ya kuwa hajapata kuifanya kazi hiyo maishani mwake! Basi hapa pamedhihiri kwamba kushika neno kwa kitambo, kujua ufundi wa mkono na kukumbuka mambo yaliyopita si kitu kimoja, wala havikai mahali pamoja.

Mfano wa hipokampasi ni karani wa bohari. Yeye si bohari. Mizigo yenyewe, yaani sura, sauti, harufu na maneno, hukaa katika sehemu mbalimbali za gamba la ubongo. Kazi ya karani ni kuandika kuwa huu na huu na ule viliingia pamoja. Kalamu yake ni nguvu ya viungo baina ya seli za neva. Mwaka 1973 Bliss na Lømo, waliofanya kazi Oslo, walieleza jinsi walivyozishtua neva za hipokampasi ya sungura kwa umeme, wakaona viungo vyake vimekuwa na nguvu zaidi kwa muda wa masaa. Tena usingizi una sehemu yake: mtu alalapo, hipokampasi huyarejea ya mchana, na kidogo kidogo gamba la ubongo huyafunga lenyewe. (Mwanafunzi akeshaye usiku kucha kabla ya mtihani amfukuza karani wake kazini.) Jambo lililorejewa miaka mingi hupata kusimama bila ya karani, ijapokuwa wataalamu wangali wakikhitilafiana kama linasimama pamoja na ukamilifu wake wote.

Ama ugonjwa wa Alzheimer, mara nyingi huanza kuharibu hipokampasi na lango lililo jirani nayo. Karani afa, na bohari ingali na mali ya zamani. Ndipo mzee akaijua mitaa ya utoto wake asijue kama amekula. Hajifanyi, chakula kile hakikuandikwa popote. Wala si kila usahaulifu ni ugonjwa huu: upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi ya shingo, huzuni nzito na baadhi ya dawa huleta mfano wake, na haya hutibika, kwa hivyo mzee apelekwe kwa daktari mapema.

Limebaki jambo moja. Mwaka 2010 wataalamu wa Iowa, Marekani, waliwaonyesha filamu za huzuni watu watano walioharibika hipokampasi. Baada ya muda mdogo walikuwa wamesahau waliyoyaona, lakini huzuni yenyewe ilikuwa ingali nao. Mwaka 2014 wagonjwa wa Alzheimer walijaribiwa vivyo hivyo, na wao pia wakaonekana hivyo hivyo. Mzee aliyekemewa kwa swali lake la nne atasahau maneno aliyoambiwa na aliyeyasema, na atabaki na uchungu asiojua umetoka wapi.