KUCHAGUA AMPLIFAYA YA GITAA: SOMO KWA ANAYEANZA

Na Mwanachama, Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kwamba rahisi ghali. Methali hii tumeitumia katika insha mara nyingi, lakini leo nataka tuipeleke dukani. Kuna wenzetu ambao wazazi wao wamejinyima, pengine wakauza ndama au gunia mbili za mahindi, ili kijana apate gitaa la umeme. Gitaa likishafika, inagunduliwa kwamba bila amplifaya halisikiki hata kitanda cha pili bwenini. Basi hutafutwa amplifaya yoyote mbiombio, na pesa ya mzazi huangukia kwenye sanduku linalopiga kelele badala ya muziki. Somo hili ni la kuzuia hasara hiyo. Bei sitaziandika kwa kuwa hupanda na kushuka. Nitaeleza mambo ambayo hayabadiliki.

1. JINA NA KAZI YAKE

Kwanza tusichanganye maneno. Kitenzi "kua" kikipata kauli ya kutendesha huwa "kuza", ndipo tukapata "kikuza sauti", yaani kitu cha kuifanya sauti iwe kubwa. Neno "kipaza sauti" limetokana na "paza", na watu wengi huliita hivyo lile bomba la kuongelea au lile la mkutanoni. Madukani na kwa mafundi jina ni moja tu: amplifaya. Nitalitumia hilo ili ukifika mjini usiangaliwe kama mgeni.

Sasa, sauti hutoka wapi? Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kifaa kiitwacho pikapu (si lile gari la kubebea kabeji). Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya ule. Walio katika darasa la Fizikia watakumbuka kwamba jambo hili liligunduliwa na Michael Faraday mwaka wa 1831. Umeme huo ni hafifu, aghalabu haufiki hata volti 1. Hauwezi kuisukuma spika.

Amplifaya huupokea umeme huo na kuufanyia kazi kwa hatua tatu. Hatua ya kwanza huuinua kidogo na kuupitisha kwenye besi na trebo, yaani sauti nene na nyembamba. Hatua ya pili huupa nguvu. Hatua ya tatu ni spika yenyewe, ambayo hugeuza umeme kuwa mtetemo wa hewa.

2. "SI NITACHOMEKA TU KWENYE REDIO?"

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu ni: usifanye hivyo. Pikapu ya gitaa huhitaji tundu lisiloinyonya umeme wake. Tundu la amplifaya ya gitaa huwa na ukinzani mkubwa, kwa kawaida kama omu milioni 1. Tundu la redio huwa na ukinzani mdogo zaidi, hivyo sauti huingia ikiwa imefifia na imekosa uhai.

Isitoshe, spika za redio zimeundwa kwa muziki uliokwisha kusawazishwa. Uzi ukipigwa ghafla kwa nguvu unaweza kuichana spika ndogo. Redio ni ya baba, nawe unajua kitakachofuata.

Kinyume chake pia ni kweli. Usichomeke gitaa la besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la kawaida na kuiongeza sauti. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82 kwa sekunde, lakini ule wa besi hutetemeka mara 41 tu. Mtetemo wa polepole namna hiyo huilazimisha spika kwenda mbali mbele na nyuma, na spika ndogo haina uwezo huo.

3. UDANGANYIFU WA WATI

Debe tupu haliachi kuvuma. Ukiingia dukani utaona amplifaya zilizobandikwa karatasi ya kung'aa: "WATI 1,200!" Tazama kama kando yake pana herufi PMPO. Hicho si kipimo cha kutegemewa, maana kila mtengenezaji hukihesabu apendavyo. Tafuta herufi RMS. Hizo ndizo wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo.

Iwapo huoni RMS, geuza mashine uangalie mgongo wake. Huko huandikwa umeme inaoutumia kutoka ukutani. Mashine haiwezi kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayokula. Ikila wati 30, haitoi hata 30.

Jambo la pili huwashangaza wengi: wati zikiongezeka maradufu, sauti haiongezeki maradufu. Kutoka wati 10 hadi 20 sikio huona tofauti ndogo tu (desibeli 3). Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kama mara mbili, zinahitajika wati takribani mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 100 haivumi mara kumi kuliko ya wati 10, bali kama mara mbili hivi. Usilipe pesa nyingi kwa wati chache za ziada.

Basi zinatosha ngapi? Kwa mazoezi ya chumbani, wati 3 hadi 10 zinatosha. Kwa kupiga na wenzako wanaoimba bila ngoma kubwa, wati 15 au 20. Akiwepo mpiga drama, tafuta kati ya 30 na 50, la sivyo vidole vyako vitaonekana tu bila kusikika. Anayeanza bado yuko chumbani. Asinunue amplifaya ya jukwaa kabla hajapata jukwaa.

4. AINA ZA AMPLIFAYA

(a) Za valvu. Hizi hutumia vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Wapiga gitaa wengi huzisifu kwa utamu wa sauti. Lakini ni ghali, ni nzito, valvu huchakaa na kubadilishwa, na ndani yake mna mamia ya volti. Si za anayeanza.

(b) Za transista. Transista iligunduliwa mwaka wa 1947 nchini Marekani. Amplifaya hizi ni nyepesi, nafuu na zinavumilia safari ya matatu. Usidanganywe kwamba ni za kimaskini. Roland JC-120, iliyotokea mwaka wa 1975, ni ya transista na inasifika dunia nzima kwa sauti safi.

(c) Za kidijitali. Ndani yake mna kompyuta ndogo inayoiga sauti za amplifaya nyingi. Zinafaa, ila anayeanza anaweza kumaliza jioni nzima akizungusha vitufe badala ya kujifunza kodi tatu.

Mifano ya zile ndogo: Fender Frontman 10G ina wati 10, Orange Crush 12 ina wati 12, na Roland Micro Cube GX ina wati 3 na hutumia betri sita ndogo au stima. Boss Katana Mini ina wati 7 na pia hula betri sita. Kwa mtu ambaye kwao stima hupotea kila mvua ikinyesha, au haijafika, suala la betri si la kupuuzwa.

5. UNATAKA KUPIGA NINI?

Hapa ndipo wengi hupotea. Amplifaya nyingi za wanaoanza huuzwa kwa kusifiwa ukali wa sauti ya kukwaruza, ile ya muziki wa roki. Sauti hiyo hutokea amplifaya inapopewa umeme mwingi kuliko inavyoweza kuubeba bila kuuharibu. Kwa roki ni tamu.

Lakini wengi wetu tunataka kupiga benga, rumba, au nyimbo za kwaya. Sikiliza gitaa la D.O. Misiani na Shirati Jazz, au la Franco wa TPOK Jazz. Kila uzi unasikika peke yake, safi kama maji ya chemchemi. Gitaa likikwaruza hapo, zile noti za haraka hugeuka uji.

Kwa hiyo mpenzi wa benga aulize hivi: sauti safi inabaki safi hadi wapi? Weka kitufe cha geini chini, kisha pandisha volyumu polepole. Ikianza kukwaruza kabla ya nusu, tafuta nyingine. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Ukiweza, chagua yenye spika ya inchi 8 au zaidi, maana spika ya inchi 4 haiwezi kutoa sauti nene vizuri. Ikiwa na mwangwi ndani yake ni heri, ila si lazima.

Tundu la hedifoni, yaani vile visikizio vya masikioni, mimi naliona ni la lazima. Mazoezi ya anayeanza hayapendezi masikioni mwa jirani. Tundu hilo linaleta amani nyumbani.

6. UMEME NA USALAMA

Sehemu hii isomwe mara mbili.

Kenya tunatumia volti 240. Marekani wanatumia volti 120. Amplifaya ya mtumba kutoka Marekani ikichomekwa ukutani hapa moja kwa moja, moshi utakuaga kabla hujagusa uzi. Soma mgongo wa mashine. Ikiandikwa 120 pekee, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma uijumlishe kabla ya kusema umepata bahati.

La pili ni plagi. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa, kupitia waya, na bati la ndani ya amplifaya. Hitilafu ikitokea na bati likashika umeme, nyuzi nazo zitashika, na mikono yako iko juu yake. Waya wa ardhini, ambao mafundi huuita athi, ndio huupeleka umeme huo chini na kukata fyuzi. Ikiwa amplifaya ilitengenezwa na plagi ya pini tatu, usikubali pini ya athi ikatwe wala waya wake uachwe ukining'inia. Mwaka wa 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa kundi la Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipopigwa na umeme kwa kushika maikrofoni isiyokuwa na athi. Alikuwa mwanamuziki wa kazi, si mwanafunzi.

La tatu, usifungue amplifaya mwenyewe. Kapasita za ndani huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mpelekee fundi.

7. KUIJARIBU DUKANI

Nenda na gitaa lako na waya wako. Halafu:

(i) Washa volyumu ikiwa sifuri. Pandisha hadi nusu bila kupiga. Mvumo mdogo ni kawaida. Mvumo mkubwa ukipungua unapogusa nyuzi, kasoro aghalabu iko kwenye gitaa au waya.
(ii) Zungusha kila kitufe polepole. Kikikwaruza, ni vumbi. Husafishwa kwa bei ndogo, kwa hivyo tumia kasoro hiyo kupunguziwa.
(iii) Tikisa waya kidogo kwenye tundu. Sauti ikikatika, tundu limelegea.
(iv) Piga uzi mnene kwa nguvu. Ukisikia kitu kinatetema kama karatasi, spika imechanika.
(v) Iache ikiwaka dakika 20. Ikinuka kuungua, shukuru na uende zako.

Mazungumzo yenyewe yanaweza kuwa hivi:

Mwuzaji: Karibu kijana! Chukua hii. Wati elfu moja na mia mbili!
Mwanafunzi: Asante mzee. Hebu niione nyuma.
Mwuzaji: Nyuma ya nini? Urembo uko mbele.
Mwanafunzi: Hapa pameandikwa inakula wati 30 tu. Hizo zingine zinatoka wapi?
Mwuzaji: (Akicheka) Kumbe wewe ni fundi!
Mwanafunzi: La mzee, mimi ni mwanafunzi. Naomba nijaribu ile ndogo ya wati 10 hapo pembeni.
Mwuzaji: Hiyo haina kelele.
Mwanafunzi: Ndiyo maana naitaka.

8. HITIMISHO

Ukiwa na pesa kidogo, panga hivi: kwanza usalama, pili sauti safi, tatu tundu la hedifoni, mwisho wati. Bakisha kiasi cha kununua waya mzuri na seti moja ya nyuzi, kwa sababu waya mbovu huharibu kazi ya mashine nzuri. Na kama pesa bado haitoshi, haraka haraka haina baraka. Gitaa la umeme hata bila amplifaya linasikika na anayelipiga, na vidole vinaweza kuanza kujifunza leo. Wawili au watatu mnaweza pia kuchanga na kutumia moja kwa zamu. Mzazi aliyeuza ndama atafurahi zaidi kusikia wimbo mmoja uliokamilika kuliko kuona sanduku kubwa lililonyamaza kwenye kona.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini gitaa halifai kuchomekwa kwenye redio? Toa sababu mbili.
2. Eleza tofauti kati ya PMPO na RMS.
3. Amplifaya ya mtumba imeandikwa "120 V". Utamshauri nini mwenzako?
4. Tunga sentensi moja ukitumia "kikuza sauti" na "kipaza sauti" kuonyesha tofauti yake.
5. "Ngoma ikivuma sana hupasuka." Husisha methali hii na mambo uliyosoma.