Hodi, Shikamoo na Utaratibu wa Jamii

Ethnomethodolojia ni nini?

Ni tawi la sosholojia linalochunguza mbinu wanazotumia watu wa kawaida ili kuelewana na kuendesha maisha kwa utaratibu. Mwasisi wake ni Harold Garfinkel, aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na kutoa kitabu chake kikuu mwaka 1967.

Kwani utaratibu hautokani na sheria na mila?

Mila peke yake haitoshi, kwa kuwa haiwezi kutaja kila hali. Desturi ya Waswahili humtaka mgeni apige hodi, na asipojibiwa mara ya tatu, aondoke. Lakini ni mgeni mwenyewe, akiwa pale mlangoni, anayepima kama ukimya ni wa nyumba tupu au wa mtu anayejifunga khanga apate kutoka. Kila hodi huitumia mila upya.

Mbona kazi hiyo haionekani?

Mazoea huificha; huonekana pale mazoea yanapovurugwa. Garfinkel aliwaagiza wanafunzi wake wajifanye wapangaji majumbani kwao kwa muda wa dakika 15 hadi saa moja: waongee kwa adabu ya ugenini, wasiseme mpaka wasemeshwe. Wazazi walishangaa, wengine wakakasirika, wakauliza kama mtoto anaumwa. Adabu ileile inayompendeza mgeni iliwaumiza watu wa nyumbani.

Salamu hufanya kazi gani?

Wanasosholojia Harvey Sacks na Emanuel Schegloff walionyesha kwamba mazungumzo huenda kwa jozi: swali hudai jibu, salamu hudai itikio. Ndiyo maana shikamoo isiyoitikiwa marahaba humwacha aliyeitoa akijiuliza: hakusikia, au ana kinyongo? Na watu wawili wanaokaribiana umri wakikutana, kila mmoja hulazimika kumkadiria mwenzake. Anayepewa shikamoo asiyoistahili huweza kuikataa, na hapo ukubwa na udogo hupangwa upya kwa maneno mawili.

Elimu hii inasaidia nini?

Inaonyesha kwamba heshima, ukoo na ujirani havijihifadhi vyenyewe: huishi kwa kutendwa. Pia inaeleza kwa nini mgeni aliyejifunza maneno yote ya lugha bado hukosea. Hukosea wakati wa kuyasema, muda wa kusubiri, na maana ya ukimya, mambo ambayo wenyeji huyafundishana kwa kuyatenda kila siku.